Mpima Majani

Nesi Kobusinge akanipandisha kwenye mizani.
Kilo arobaini na tisa na nusu.
Nikataka kubisha; mazoea ya kazi.
Miaka kumi na mitatu nimepima majani ya chai
kwenye kibanda cha bati, njia ya kwenda Kyenjojo,
gunia ndoanoni, mshale ukitetemeka,
nami nikiandika kabla haujatulia.

Akauliza: mara ya mwisho kunywa ni lini?
Nikasema, juzi.
Waragi ikamjibu kupitia shati langu.
Akaandika: leo, asubuhi.

Nyumba yenyewe haina ukuta wa kutisha.
Vitanda sita, mikalitusi, na bondeni ziwa la kreta
jeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Mbega wawili juu ya paa
hututazama kama wahasibu.
Kimya kilikuwa kingi mno.
Mimi ni mtu wa makelele ya baa,
sikujua kimya hushikwa wapi;
kilikaa ukingoni mwa kitanda
kama mgeni asiyejua kuaga.

Usiku wa kwanza, jasho.
Usiku wa pili mikono iliniasi:
nusu ya glasi ilifika mdomoni,
nusu ikanywewa na blanketi.
Usiku wa tatu, majani yakaja.
Yalipenya chini ya mlango, moja moja, mabichi,
yakapanda ukuta, yakapanda miguu yangu,
yakitaka kupimwa upya.
Nikapiga ukelele: mizani imefungwa!

Masereka wa kitanda cha pili akawasha taa.
"Mimi juzi nilikuwa na nyuki," akasema. "Vumilia."
Nesi akaja na sindano, na kidonge,
na kitambaa kilichochovywa maji ya baridi.
Akanishika kifundo cha mkono, macho kwenye saa,
hana haraka na mtu,
akangoja mpaka mapigo yatulie
ndipo akaandika.

Akangoja.
Mimi sijawahi kungoja.
Nusu kilo hapa, robo kule,
gunia la mjane, gunia la mtoto aliyetoroka shule,
na Jumamosi zote zikageuka chupa.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga;
hawakusema kibaba cha nani.

Siku ya tano nilifika jikoni kwa miguu yangu.
Mpishi wa uji ni mwanamke mrefu,
kidole gumba cheusi kwa utomvu wa chai
usiosikia sabuni.
Nikamjua. Namba themanini na mbili.
Naye alinijua: alinisoma
kama mtu asomaye risiti mara ya pili.

"Empaako yako?" akauliza.
Lile jina la upendo, tulilopewa tungali vichanga.
Ni miaka sijaulizwa. Mlevi huitwa "wewe."
"Araali," nikasema, na sauti ikakatika njiani.
"Mimi Abwoli."
Akachota uji. Akachota tena.
Akajaza kikombe mpaka uji ukatuna juu ya ukingo,
akanikabidhi, mikononi humu humu.

Ulimwagika, bila shaka. Ukaniunguza kidole.
Nilisimama mlangoni, ukungu ukipanda kutoka ziwani,
nikingoja mikono itulie
kabla ya kunywa.

Bado siku tisa.
Jioni nilimwomba nesi kalamu na karatasi.
Themanini na mbili, nikaandika, kwa mwandiko wa kuku.
Mbele yake nikaacha nafasi ya kilo.
Sikumbuki ni ngapi,
na kukisia sitaki.